Jumamosi ya Kenyamonta

"Mtu anayekwenda msibani habebi visu, mzee," alisema Sajenti Mokami.

Mzee Wangwe alikuwa ameketi kwenye benchi la mgahawa wa shemeji yake, Rhobi. Mafiga yalikuwa baridi na birika limefunikwa kifudifudi. Nje vijana walipita mbio, sururu mabegani. Juzi ilisikika kwamba mwamba umetema dhahabu upande wa juu, na tangu hapo Matongo nzima ilikuwa imehamia mashimoni, na wageni wakimiminika kama kumbikumbi walioona taa. Siku kama hizo mama ntilie hafungi mgahawa. Rhobi alikuwa amefunga.

"Mimi nasema alivyoniambia," mzee alijibu. "Shemeji, nakwenda msibani Nyansurura, nitarudi Jumapiri. Basi. Visu niliviona mwenyewe kwenye kapu. Visu, na sindano zile kubwa za kushonea magunia, na kamba."

"Na hukuuliza ni vya nini?"

"Mwanamke akikuambia ana msiba utamuuliza visu? Nilidhani wanakwenda kuchinja."

Koplo Mseti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuifunga kesi.

"Nyansurura hakuna msiba wiki hii," alisema. "Mimi ni mtu wa kule. Angekufa hata beberu wa maana ningepigiwa simu."

Mzee Wangwe alimtazama, akageuza macho kwa Sajenti. "Basi amenidanganya. Lakini kudanganya shemeji si kosa la polisi."

"Si kosa," Mokami alikubali. "Alikuwa akimzungumzia Wakili Kisyeri?"

"Nani hapa hamzungumzii? Duara la dhahabu lilibomoka likawafukia vijana wetu, na ndugu yangu, mume wa Rhobi, akiwemo. Yule tajiri wa karasha la kusagia mawe anasema duara si lake. Kisyeri akasema, wajane tulieni, nitawasimamia. Wametulia mpaka nyasi zimeota makaburini. Siku ile kesi ilipoahirishwa tena, Rhobi alimkamata koti mbele ya watu. Akamwambia, wewe ndiye utakayetumariza."

"Kuna aliyemsikia akisema yeye ndiye atakayemmaliza wakili?"

Mzee alisimama, akasema ng'ombe wake wako peke yao, akaondoka bila kuaga.

Mokami alikaa mahali alipokuwa ameketi mzee. Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Jana, Wakili Daudi Kisyeri alifika kituoni akiwa na dereva wake, kijana mmoja aliyeitwa Dullah. Dullah alieleza kwamba alikuwa anafuta gari mlangoni mwa ofisi ya wakili, Rhobi akapita akizungumza na simu kwa sauti ya juu. Maneno aliyoyasikia ni haya: "Jumamosi, Kenyamonta, tutammaliza wakili. Wanaume wasijue." Jumatatu wakili alipaswa kusimama mahakamani na shahidi aliyekuwa tayari kusema duara lilikuwa la nani. Mkuu wa upelelezi hakutaka kubahatisha. Gari la kituo lilikuwa mashimoni kutuliza fujo za rashi ya dhahabu, kwa hiyo akamshauri wakili atoke Tarime mpaka Jumatatu. Dullah akasema anajua nyumba tulivu ya wageni kule Mugumu. Wangeondoka leo, baada ya swala ya Ijumaa. Mokami naye akaambiwa: wafuatilie hao wanawake.

Alikuwa ameanza na yule aliyekuwa upande wa pili wa simu. Haikuwa kazi, rafiki wa Rhobi ni mmoja, Zaitun, mke wa Athuman muuza vitambaa wa Tarime. Asubuhi Athuman alisema mkewe anakwenda harusini Mugumu. Sasa Rhobi yuko msibani Nyansurura. Harusi na msiba, na wote wawili wameahidiana kukutana Kenyamonta.

"Afande," Mseti aliita kwa sauti ndogo. "Mtazame huyo anayeshuka kwenye Noah."

Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye ushungi wa kahawia, kama Athuman alivyomweleza mkewe, alikuwa anateremsha mzigo uliofungwa kwenye shuka. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto mchanga. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamwita kijana wa bodaboda.

"Kenyamonta," walimsikia akisema. "Taratibu, usinitose mtoni."

Mokami alimfikia kabla hajapanda.

"Shikamoo mama Zaitun."

"Marahaba mwanangu." Macho ya mama yule yalishuka kwenye buti za Mseti, yakapanda tena. "Kuna nini?"

"Tuingie hapa kwa Rhobi tukae kidogo. Mzigo atakubebea koplo."

"Mzigo wangu naubeba mwenyewe."

Mokami alifunga mlango nyuma yao. Alifumba macho kidogo, kama alivyozoea kabla ya kumhoji mtu, akamwomba Mungu asimwache amwonee asiye na hatia wala kumwacha mwenye hatia. Kisha akavuta benchi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Harusini."

"Ya nani?"

"Ya watu."

"Wapi?"

"Mugumu."

"Bodaboda umemwambia Kenyamonta."

Zaitun alirekebisha ushungi. "Kenyamonta ni njiani."

"Rhobi naye yuko njiani? Amemwambia shemeji yake anakwenda msibani. Wewe harusini. Huko Kenyamonta nani anaoa na nani anakufa?"

Mseti alicheka, akajizuia. Zaitun hakucheka. Vidole vyake vilianza kuchezea fundo la shuka, na Mokami akaliona hilo.

"Fungua mzigo, mama."

"Ni vitu vyangu vya kike."

"Na mimi ni mwanamke. Fungua."

Fundo lililegea. Ndani hamkuwa na kisu wala sumu. Mlikuwa na magurudumu ya kitu kilichosukwa, bapa, chembamba, kirefu kama mkanda usio na mwisho, kimekunjwa na kukunjwa. Kingine rangi ya nyasi kavu, kingine kimetiwa zambarau na kijani. Mseti aliinua gurudumu moja, likafumuka mkononi mwake mpaka sakafuni.

"Hii ni kamba ya nini?"

"Si kamba hiyo, iache, utaichafua," Zaitun alisema kwa ukali wa fundi. "Ni ukili."

Mseti aliganda. "Wakiri?"

"Ukili, baba. U-ki-li. Mnalala juu ya mikeka hamjui mkeka unatokana na nini? Unasuka ukili kwanza, mrefu, pima kwa pima. Ukishamaliza ukili ndipo unaushona, mzunguko kwa mzunguko, unapata mkeka. Huku kwenu hamna neno hilo. Rhobi mwenyewe analisema ukiri, nimechoka kumrekebisha."

Nje karasha lilikuwa linasaga mawe, na vumbi lake liliingia kwa chini ya mlango.

"Mama Zaitun," Mokami alisema polepole. "Juzi ulizungumza na Rhobi kwa simu. Nataka maneno yake, kama alivyoyasema."

"Alisema amekwishapata visu vya kuchania na sindano. Kwao Kenyamonta, kando ya mto, ukindu upo mwingi, tutakata wenyewe. Akasema, Jumamosi, Kenyamonta, tutamaliza ukili, Jumapili tushone. Tena akasema wanaume wasijue."

"Kwa nini wasijue?"

Zaitun alikaa sawasawa sasa. Hofu ilikuwa imemtoka, hasira imeingia mahali pake.

"Mwanangu, tangu dhahabu hii itoke, umemwona mwanamke gani amekaa? Rhobi anapika tangu jogoo hajawika. Mimi nashinda dukani. Tulikaa hapa hapa, tukasema, tutafute siku mbili twende shamba kwa mama yake, tukae chini, tusuke, tucheke, tusisikie karasha. Haya, nenda kamwambie mume wako hivyo. Atakuuliza kama unaumwa. Msiba wanauelewa. Harusi wanaielewa. Kupumzika hawakuelewi."

Mseti alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Afande, tumeleta bunduki kukamata mkeka. Mkuu atatufukuza."

Mokami naye alitabasamu. Alianza kukunja ule ukili uliofumuka, akijitahidi kuurudisha ulivyokuwa. Kosa lilikuwa la kibinadamu kabisa. Mtu wa bara hajawahi kusikia neno hilo. Sikio lake linakamata neno la karibu linalolijua. Hata yeye mwenyewe, Mkurya wa kuzaliwa, angeapa kwamba amesikia wakili. Kituo kizima kingeapa.

"Msameheni Dullah," alisema. "Hata mimi ningekosea."

"Dullah gani?" Zaitun aliuliza.

"Dereva wa wakili. Ndiye aliyemsikia Rhobi."

Zaitun alimtazama kwa mshangao. "Dullah huyu wa Pangani?"

Mikono ya Mokami iliacha kukunja.

"Ni wa Pangani?"

"Mama yake na shangazi yangu ni majirani. Mama yule ni fundi wa mikeka, hana mpinzani. Miyaa hii ya kusukia, yenye rangi, unaiona? Dullah ndiye aliyeniletea, Idi ilipokwisha, alipotoka kwao likizo. Akaja dukani, akamkuta Rhobi anajifunza, akamcheka. Akamwambia ukili wako umelegea ukingo, akaushika, akauonyesha. Mtoto yule amelelewa na ukili, afande. Amekosea nini?"

Kicheko cha Mseti kilikatika kama uzi.

Mokami alisimama. Alizungumza kwa sauti ya chini, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwao.

"Mtu mwingine yeyote Tarime angekosea. Yeye peke yake hawezi kukosea. Alilisikia neno, akalijua, akaliona linafaa. Wakili yuko kwake, ana majirani, ana mbwa, mlango haukauki watu. Huwezi kumgusa pale. Unafanyaje? Unamtisha, atoke mwenyewe. Unamtoa na baraka za polisi. Na akikutwa amekufa huku ng'ambo ya mto, sisi kesho tunakwenda Kenyamonta kuwafunga wanawake wenye visu."

"Yarabi," Zaitun alinong'ona.

"Nani anamwendesha sasa hivi?" Mseti aliuliza, ingawa jibu alilijua.

Mokami alikwisha kutoa simu. Iliita mara nyingi. Alipokuwa anangoja, akawaza haraka. Dullah yuko karibu na bosi wake kama mkono na kiganja. Kila neno litakalotoka kwenye simu ile atalisikia. Kiswahili hakifai. Kikurya Dullah hakijui zaidi ya salamu. Lakini Kikurya cha siku hizi kimejaa maneno yaleyale: polisi, gari, dereva, simu. Neno moja tu la namna hiyo lingemwamsha. Ilimbidi aseme kama bibi yake, mwanamke aliyekufa bila kujua shule wala barabara ya lami.

"Haloo," Kisyeri aliitikia. Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma.

Mokami alianza kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu anayesalimia ndugu. "Mwana wa Kisyeri, usinitaje jina. Cheka kidogo, kama unayesikia habari za nyumbani."

Kisyeri alicheka, kicheko kikavu.

"Mmevuka mto?"

"Tumeuacha nyuma," alijibu kwa Kikurya hichohicho.

"Mchungaji anayekuswaga anakupeleka kwa fisi. Wanakungoja mbele. Je, ametaka kuacha njia kubwa?"

Sauti ya wakili ilibadilika kidogo sana. "Ndiyo. Anasema kuna njia fupi." Njia fupi ya hapo ni moja, ya Nyansurura.

"Usiingie njia hiyo. Hapo Kenyamonta sema shangazi yako amezidiwa. Ingia kwa mama yake yule mjane aliyekushika nguo mbele ya watu."

"Kwa mjane yule? Yule…"

"Huyohuyo. Hakuna nyumba nyingine."

Simu haikukatwa. Walimsikia wakili akigeukia Kiswahili, mbali kidogo na kinywa cha simu. "Dullah, tupite hapo Kenyamonta. Shangazi yangu amezidiwa."

"Bosi, tutachelewa. Si salama kusimama."

"Shangazi ni shangazi, Dullah. Nikimpita, kwetu nitaelezwa nini? Kata kushoto."

Kisha simu ikanyamaza.

Mseti alikuwa amekwisha kutoka nje kuzuia bodaboda mbili. Zaitun naye alikuwa amempigia Rhobi, ameiweka simu kwenye kiganja ili wote wasikie. Alimweleza kwa maneno machache. Upande wa pili palikuwa na kelele za wanawake, kisha Rhobi akatembea kando na kelele zikafifia.

"Huyo wakiri aje kwangu?" Rhobi aliuliza. "Mume wangu amefukiwa na mawe, huyu ananiambia nisubiri, nisubiri. Leo nimrinde mimi?"

Mokami aliinama juu ya simu. "Rhobi, ni Sajenti Mokami. Hukumu yako juu yake sitaigusa. Lakini akifa leo, Jumatatu nani atasimama aseme duara lilikuwa la nani?"

Karasha lilisaga. Zaitun alifunga macho, midomo yake ikitembea.

"Sina bunduki," Rhobi alisema hatimaye.

"Hatutaki bunduki. Mkawize. Mkawize tu, na dereva asijue kitu."

"Sufuria nimeshainjika," Rhobi alisema. "Waje."

Barabara ya kwenda mtoni ilikuwa ya mashimo na vumbi jekundu. Mokami alikuwa kwenye bodaboda ya mbele, Mseti na Zaitun wamebanana kwenye ya nyuma, mama yule akiukumbatia mzigo wake na kuwaombea wote kwa sauti. Walivuka daraja. Kila gari lililokuja mbele yao Mokami alilitazama dirishani. Hakuona koti jeusi la wakili. Alijizuia asifikirie njia ya Nyansurura.

Boma la mama yake Rhobi lilikuwa juu kidogo ya barabara, limezungushiwa ua wa minyaa. Gari jeupe la Kisyeri lilikuwa uani. Mokami alishuka kabla pikipiki haijasimama, mkono kiunoni, kisha akapunguza mwendo.

Gari lilikuwa limezingirwa na nafaka. Mbele ya magurudumu na nyuma yake, pande zote, wanawake walikuwa wametandaza ngozi na magunia, wakaanika ulezi. Ulezi mwekundu, safi, wa kutosha ukoo mzima. Labda kuna mtu duniani anayeweza kukanyaga chakula cha mtu kwa matairi mbele ya macho ya bibi mwenye nyumba; lakini atakuwa amejivua uso kabisa. Na Dullah bado alihitaji uso wake.

Kisyeri alikuwa ameketi ndani kwenye kigoda, nyuma ya mlango, sahani ya ugali mapajani. Hakuwa amekula. Alipomwona Mokami alifungua mdomo. Mokami akamwashiria anyamaze.

Dullah alikuwa kivulini kwa wanawake. Walikuwa wamemweka katikati, kwenye mkeka mkuukuu, Rhobi ubavuni mwake. Uso wake ulikuwa kwenye gari na masikio yake yalikuwa barabarani. Lakini vidole vilikuwa na kazi. Rhobi alikuwa amempa ukili wake, na vidole vile vilikuwa vinasuka vyenyewe, chane ya ukindu juu, chane chini, haraka, bila yeye kuvitazama hata mara moja, kama vidole vya mtu aliyejifunza kazi kabla ya kujifunza kusoma.

"Nilimwambia wangu unaregea," Rhobi alimwambia Mokami, uso wake hauna kitu. "Ndiyo ananisaidia."

"Hamjambo," Mokami alisema. Alichuchumaa mbele ya kijana. "Habari ya safari, Dullah?"

"Nzuri, afande." Alishtuka, akajikusanya. "Bosi ana mgonjwa. Nilimwambia tusisimame."

"Mkono wako ni mzuri. Ukingo umenyooka. Kitu hiki kinaitwaje?"

"Hiki? Ukili, afande."

Vidole vilisimama.

Alitazama kilichokuwa mikononi mwake, kisha akamtazama Rhobi, kisha Mokami.

"Mimi nimelijua neno hilo leo tu," Mokami alisema. "Kituoni hakuna anayelijua. Sasa niambie. Juzi mlangoni mwa ofisi, Rhobi alisema anakwenda kumaliza nini?"

Dullah alijaribu kuinuka, mkono wa Mseti ukatua begani kwake, naye akakaa. Ndipo simu ilipoita mfukoni mwa shati lake. Iliita ikakatika, ikaita tena. Mseti aliitoa, akaiweka sikioni bila kusema kitu. Kelele za mwanamume aliyekuwa upande wa pili ziliwafikia wote.

"Dullah, mmelala huko? Jua linatuunguza hapa kalavati. Mzigo unakuja au hauji?"

Mseti alimtazama Sajenti wake. Mokami akamwitikia kwa kichwa.

"Njiani," Mseti alisema kwa sauti nzito ya mtu aliyefunika mdomo, akakata. Kisha akasema, "Kalavati la Nyansurura. Nimechunga mbuzi pale."

"Piga simu mashimoni. Gari la kituo lije sasa hivi, waache fujo za dhahabu zijitulize," Mokami alisema. Akamfunga Dullah pingu. Kijana alianza kusema habari za tajiri wa karasha, kwamba aliahidiwa, kwamba hakudhani wangemuua, labda wangemtisha tu. Mokami alimwambia maneno hayo ayahifadhi, atayasema kwa utaratibu.

Kisyeri alitoka mlangoni. Alishika mwimo wa mlango. Alisimama mbele ya Rhobi kama mtu aliyesahau hotuba yake.

"Mama," alianza.

"Jumatatu," Rhobi alimkatiza, "nikikusikia unaomba tarehe nyingine…"

"Sitaomba."

Rhobi alimtazama kwa kitambo kirefu. "Karudi ukare. Ugari unapoa."

Wakili alirudi ndani. Rhobi aliketi mkekani pale pale, akauchukua ukili uliokuwa umebaki kwenye mapaja ya Dullah, akaunyoosha juani. Ulikuwa umesukwa vizuri kuliko alivyowahi kusuka yeye. Akatafuta mwisho wake, akaanza kuufumua, chane moja moja, mpaka akafika pale kazi ya mikono yake mwenyewe ilipoanzia, na kutoka hapo akaanza kusuka upya.